Wakati Uliopita Timilifu katika Usemi wa Taarifa wa Kiingereza: Njia ya Mwanafunzi wa Sandoa

Mtu anapompelekea mwingine maneno aliyoyasikia kwa mtu wa tatu, anaweza kuyarudia kama yalivyotamkwa, na huo ndio usemi halisi, au anaweza kuyaingiza ndani ya sentensi yake mwenyewe, na huo huitwa usemi wa taarifa. Katika Kiingereza badiliko hilo hugusa njeo, yaani umbo la kitenzi linaloonyesha tendo lilitendeka wakati gani, na mara nyingi njeo inayozaliwa ni ile ya wakati uliopita timilifu, inayoundwa kwa kitenzi kisaidizi “had”, ambacho hakibadiliki kwa nafsi yoyote, kikifuatwa na kitenzi kikuu katika umbo lake la tatu, kama vile “gone”, “left” au “broken”. Umbo lenyewe ni jepesi, na mwanafunzi hulikariri kwa muda mfupi. Kinachomchelewesha ni kutojua ni lini wakati huo unahitajika, na kwa nini lugha anazozijua tayari wakati mwingine humsaidia na wakati mwingine humpoteza.

Mwanafunzi wa sekondari katika teritware ya Sandoa, mkoani Lualaba, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hufika kwenye somo la Kiingereza akiwa na lugha kadhaa kichwani. Nyumbani huenda akazungumza Kilunda au Kichokwe. Sokoni na katika barabara iendayo Kolwezi hutumia Kiswahili, ambacho katiba ya mwaka 2006 inakitaja miongoni mwa lugha nne za taifa. Darasani husoma kwa Kifaransa, lugha rasmi ya nchi. Hata hivyo Kiingereza hakiko mbali naye. Zambia, ambako Walunda wengine wanaishi upande wa Mwinilunga, inakitumia kama lugha rasmi. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kongo ilijiunga nayo mwaka 2022, inaendesha shughuli zake nyingi kwa lugha hiyo. Na katika migodi ya shaba na kobalti ya Kolwezi wapo wahandisi wa kigeni ambao taarifa huwafikia kwa Kiingereza. Kwa hiyo uwezo wa kueleza kwa usahihi nani alisema nini, na jambo lililosemwa lilitokea lini, si mapambo ya mtihani.

Tuseme mlinzi wa maegesho ametamka, “Gari limeondoka.” Anayeyapeleka maneno hayo kwa Kiswahili atasema, “Mlinzi alisema kwamba gari limeondoka,” bila kukigusa kiambishi -me-. Vivyo hivyo “Ninaumwa” huwa “Alisema kwamba anaumwa”, na “Nitakuja” huwa “Alisema kwamba atakuja”. Kiswahili humwachia msemaji wa kwanza wakati wake: kitenzi kilichomo ndani ya taarifa kinahesabiwa kuanzia pale alipofungua kinywa, si pale anaposimama mtoa taarifa. Zipo shule, hasa za Kenya, zinazowafundisha wanafunzi kugeuza -ta- kuwa -nge- katika usemi wa taarifa, lakini kanuni hiyo inanukia Kiingereza, na wazungumzaji wa kawaida, wa pwani hata wa bara, huendelea kusema “alisema kwamba atakuja” bila kuona upungufu wowote.

Kiingereza hufanya kinyume chake. “The lorry has left” huwa “The guard said that the lorry had left”, kwa sababu kitenzi cha kusema, “said”, kiko katika wakati uliopita, na kinakivuta kitenzi kinachokifuata kirudi nyuma hatua moja. Mwanaisimu wa Denmark, Otto Jespersen, alilijadili jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1924 kuhusu falsafa ya sarufi, akaliita kurudisha njeo nyuma. Mwaka 1947 mwanafalsafa Hans Reichenbach alitoa chombo kinacholifafanua vizuri zaidi, alipopendekeza kwamba njeo isomwe kwa nukta tatu: wakati wa kusema, wakati wa tukio, na wakati wa rejea, yaani nukta ambayo msemaji anaitumia kama mahali pa kusimama ili alitazame tukio. Katika sentensi ya mlinzi, wakati wa kusema ni sasa, wakati wa rejea ni pale mlinzi alipozungumza, na kuondoka kwa gari kunatangulia nukta zote mbili. Wakati uliopita timilifu ndio umbo la Kiingereza lililotengwa kwa ajili ya mpangilio huo hasa.

Mwalimu mwenye haraka humwambia mwanafunzi kwamba “had left” ni sawa na “alikuwa ameondoka”. Nje ya usemi wa taarifa ulinganisho huo unafaa sana, lakini ndani yake unaleta hasara. “Mlinzi alisema kwamba gari lilikuwa limeondoka” humfanya msikilizaji wa Kiswahili aulize: lilikuwa limeondoka wakati gani, kabla ya jambo gani? Anatarajia nukta nyingine ndani ya maneno ya mlinzi, labda abiria walipofika, au mvua ilipoanza. Sentensi ya Kiingereza haina siri hiyo. Huenda mlinzi alisema tu kwamba gari limeondoka. Mwanafunzi aliyefundishwa kutafsiri neno kwa neno atakosea pande zote mbili: atatia “alikuwa” katika Kiswahili mahali pasipohitajika, na atakapoona “alisema kwamba limeondoka” ataandika “said that the lorry has left”, sentensi ambayo Kiingereza huikubali pale tu habari ingali mbichi na hali yenyewe haijabadilika.

Msaada wa kweli uko katika Kifaransa, na inasikitisha kwamba mara nyingi unaachwa nje ya mlango wa darasa la Kiingereza. Kifaransa nacho hurudisha njeo nyuma: “Le camion est parti” huwa “Le gardien a dit que le camion était parti”, na umbo hilo la “était parti” linalingana na “had left” karibu katika kila jambo. Lipo hata la ajabu kidogo. Katika usemi halisi, mzoefu wa Kifaransa hutatizika kuchagua kati ya “left” na “has left”, kwa kuwa Kifaransa cha mazungumzo kina umbo moja kwa yote mawili, na ndiyo maana madaftari ya wanafunzi yana sentensi kama “He has left yesterday”, ambayo Kiingereza hakiikubali. Lakini yakiingia katika usemi wa taarifa, “left” na “has left” yote mawili huweza kuwa “had left”. Tofauti iliyokuwa ikimsumbua inafutika, na yule aliyekosea katika sentensi sahili anaweza kupatia katika sentensi iliyo ngumu zaidi. Mwalimu anayelijua hili ataanzia kwenye taarifa, mahali ambapo mwanafunzi wake ana nguvu, kisha ndipo arudi nyuma.

Uzito wa njeo hii huonekana pale maana inapogeuka kwa ajili yake. Fundi wa zamu ya usiku mgodini akiandika “The operator said that the pump was leaking”, msomaji ataelewa kwamba pampu ilikuwa ikivuja wakati ule ule mwendeshaji alipozungumza. Akiandika “The operator said that the pump had been leaking”, uvujaji unasogezwa kabla ya mazungumzo, na huenda ulikuwa umekwisha kuzibwa. Katika taarifa ya ajali tofauti hiyo ndiyo inayoamua ni zamu ipi iliyoiona hitilafu, nani alipaswa kuisimamisha mashine, na kama onyo lilitolewa kabla ya madhara au baada yake. Mfanyakazi aliyetoa ushahidi wake kwa Kiswahili, akisema kwa usahihi kamili kwamba pampu “ilikuwa inavuja”, ana haki ya kuona mfuatano huo ukisalimika katika Kiingereza cha mkalimani.

Pamoja na hayo, si kila taarifa inahitaji “had”. Ukweli wa kudumu hubaki katika wakati uliopo: “The teacher said that copper conducts electricity.” Tukio lenye tarehe yake huweza kubaki katika wakati uliopita wa kawaida, kwa kuwa tarehe imekwisha kuliweka mahali pake, kama katika “He said that the railway was joined to the Angolan line in 1931.” Kitenzi cha wakati uliopita kinachofuata “when” nacho kwa kawaida hakirudishwi nyuma, na kilichokuwa na “had” tangu mwanzo hakina pengine pa kurudi, hivyo hubaki kilivyo. Na kitenzi cha kusema kikiwa katika wakati uliopo, kama “says”, njeo haibadiliki.

Zoezi lililozoeleka, la kupewa sentensi kumi zilizo peke yake na kuamriwa kuzigeuza, huyaficha yote haya, kwa sababu halisemi aliyezungumza alizungumza lini, wala anayeripoti anaripoti kutoka wapi. Ingefaa zaidi kila sentensi ipewe siku mbili: siku ya kutamkwa na siku ya kupelekwa. Mwanafunzi wa Sandoa akipewa siku hizo atagundua kwamba nusu ya kazi huifanya kila siku kwa Kiswahili. Akiambiwa Jumatatu, “Mama alisafiri jana,” naye akayapeleka maneno hayo Alhamisi, hatasema “jana”, kwa maana jana imekwisha kuwa Jumatano. Atasema “Jumapili” au “siku iliyotangulia”, kama vile ambavyo “mimi” wa msemaji humgeukia kuwa “yeye” bila kufundishwa na mtu. Nafsi na vielezi vya wakati tayari anavihesabu kutoka mahali aliposimama yeye mwenyewe. Kiingereza kinamtaka akiingize na kitenzi katika hesabu hiyo hiyo, hivi kwamba “My mother travelled yesterday” ya Jumatatu inafika Alhamisi ikiwa “He said that his mother had travelled the day before”.