Filta ya Oili ya Pikipiki: Soko Linalouza Umbo Badala ya Vipimo

Katika maduka ya spea ya Kariakoo jijini Dar es Salaam, Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi na Soko la Kisekka jijini Kampala, filta ya oili ya pikipiki huuzwa kwa maneno machache. Mteja anasema, "Nipe filta ya Boxer." Muuzaji anauliza, "Ya mia au ya mia na hamsini, kaka?" Akijibiwa anatoa kiboksi, anapokea hela na biashara imekwisha. Hakuna aliyeuliza pikipiki ni ya mwaka gani, wala namba ya kipuri, wala nani aliyekitengeneza.

Bei ya kiboksi hicho mara nyingi haifiki hesabu ya siku moja ambayo dereva wa bodaboda humpelekea mwenye chombo. Hata hivyo, filta isiyo yenyewe ikikaa kwenye injini, gharama inayofuata ni ringi, pistoni, silinda na beringi za krenki, pamoja na siku ambazo pikipiki imelala kwa fundi huku familia ya dereva ikisubiri. Spea ya bei ndogo ndiyo inayolinda ile ya bei kubwa. Kwa sababu hiyo, biashara ya filta mbadala, yaani zile ambazo hazikutengenezwa wala kufungashwa kwa jina la kiwanda cha pikipiki, inastahili kuangaliwa kwa makini kuliko tulivyozoea.

Oili moja, kazi tatu

Kwenye gari la kawaida, oili ya injini na ya giaboksi hukaa mbali mbali. Kwenye pikipiki nyingi za injini ya mipigo minne, oili ile ile hulainisha injini, giaboksi na kluchi. Kiasi chenyewe ni kidogo: pikipiki ya cc 125 hubeba takriban lita moja. Lita hiyo hupokea masizi ya mwako, chembe za chuma kutoka kwenye gia na vumbi la sahani za kluchi zinazosagika kila dereva anapobadilisha gia kwenye foleni.

Tuchukue mfano wa bodaboda inayotembea kilomita 120 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Kwa mwaka itazidi kilomita 37,000. Pikipiki ya mtu binafsi anayekwenda kazini na kurudi, kilomita 20 kwa siku, itafika kama 6,200. Mwaka mmoja wa bodaboda ni sawa na miaka sita ya mwenzake. Ikiwa sevisi ni kila kilomita 3,000, wa kwanza anahitaji kumwaga oili mara 12 kwa mwaka na wa pili mara mbili tu. Mahitaji ya soko letu la filta yanatokana na huyo wa kwanza, na makosa ya soko humwumiza yeye kabla ya mtu mwingine yeyote.

Familia tatu za filta

Jambo la kwanza ambalo mnunuzi anapaswa kujua ni kama pikipiki yake ina filta ya kununua au haina. Honda CG125, iliyoanza kuuzwa mwaka 1976 na kubuniwa kwa ajili ya nchi ambako matunzo ni haba, haitumii filta ya karatasi. Ina wavu wa chuma na kikombe kinachozunguka pamoja na krenki. Mzunguko huo husukuma uchafu mzito ukagande kwenye kuta za kikombe. Viwanda vingi vya China vilinakili injini hiyo, na nakala zake zimebeba sehemu kubwa ya bodaboda za Afrika Mashariki. Mwenye pikipiki ya aina hii haendi dukani kutafuta filta. Anachohitaji ni fundi anayejua kufungua kifuniko, kuosha wavu, kukwangua kikombe na kuweka gasketi mpya. Fundi anayemwaga oili miaka nenda miaka rudi bila kugusa kikombe hicho hajafanya sevisi kamili.

Familia ya pili ni ya kartriji ya karatasi inayokaa ndani ya kifuniko ubavuni mwa injini. Bajaj Pulsar na Honda CRF250L ni mifano yake. Hapa ndipo filta mbadala zilipojaa sokoni, kwa kuwa kartriji ni rahisi kutengeneza: karatasi iliyokunjwa, vifuniko viwili, gundi, na wakati mwingine mrija wa chuma wenye matundu katikati.

Familia ya tatu ni ya kopo la chuma linalokazwa kwa thredi, kama lile la magari. Linapatikana zaidi kwenye pikipiki kubwa, zikiwemo Honda za mfululizo wa CB500 ambazo wasafiri wa masafa marefu huzipenda. Kopo hilo hubeba ndani yake karatasi, springi, vali na mpira wa kuzuia oili isirudi.

Kuingia si kufaa

Kosa kubwa la soko hili ni kudhani kwamba kinachoingia ndicho kinachofaa. Mfano mzuri ni kopo lenye thredi ya milimita 20 kwa hatua ya 1.5. Thredi hiyo inatumika kwenye pikipiki nyingi za Japani, na pia kwenye magari kadhaa ya Japani. Kwa hiyo kopo la gari linaweza kukaza vizuri kwenye pikipiki, lisivuje, na taa ya oili izime kama kawaida. Tatizo limejificha ndani.

Kila mfumo wa filta unahitaji vali ya kupitisha. Oili ikiwa nzito asubuhi, au karatasi ikiwa imeziba, vali hiyo hufunguka ili injini isikose oili kabisa. Ni afadhali kwa muda mfupi kupata oili chafu kuliko kukaa kavu. Lakini kila mtengenezaji hupanga vali ifunguke kwa shinikizo lake. Ikifunguka mapema mno, uchafu unapita bila kuchujwa. Ikichelewa, karatasi inaweza kupasuka au oili ikapungua kwenye beringi. Katika pikipiki nyingine vali hiyo haiko ndani ya filta bali kwenye injini au kifuniko. Hayo yote hayaonekani kwa macho kaunta, na ndiyo yanayotofautisha makopo mawili yanayofanana kama mapacha.

Kwa kartriji, vipimo vya kuangalia ni kimo, kipenyo cha nje na ukubwa wa tundu. Ikiwa fupi kwa milimita chache, haitabanwa sawasawa na oili itapita pembeni. Ikiwa ndefu kupita kiasi, kifuniko kitaibonyeza hadi ikunjike. Tundu likiwa pana, oili inapenya bila kupita kwenye karatasi. Upande wa kuingizia nao ni muhimu. Baadhi ya filta za Honda huchapishwa maneno OUT SIDE kwenye upande unaopaswa kutazama nje. Ukigeuza, oili inazuiwa na injini inaweza kufa ndani ya safari moja.

Maneno ya kwenye boksi nayo yapimwe. Filta nyingi hujitangaza kwa mikroni: "inachuja mikroni 10", kwa mfano. Tangazo hilo peke yake halisemi kitu, kwa sababu filta inayokamata nusu ya chembe za ukubwa huo na ile inayokamata karibu zote zinaweza kudai maneno yale yale. Kinachohitajika ni asilimia ya chembe zinazokamatwa, kwa jaribio linalojulikana. Kiwango cha kimataifa cha ISO 4548-12 kinaeleza jinsi ya kupima uwezo huo kwa kuzungusha oili yenye vumbi lililopimwa. Mwagizaji anayeleta makontena ana haki, na wajibu, wa kumwomba mtengenezaji matokeo ya jaribio hilo kabla ya kulipa.

Mbadala si feki

Lazima tutenganishe mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa mitaani. Filta mbadala halali hutengenezwa na kampuni inayoandika jina lake yenyewe na kusimamia bidhaa yake. Mann+Hummel na Mahle za Ujerumani, K&N ya Marekani na Hiflofiltro ni miongoni mwa majina yanayojulikana. Baadhi ya kampuni za aina hiyo huuzia hata viwanda vya magari na pikipiki vyenyewe, kwa hiyo mnunuzi anaweza kupata ubora ule ule bila kulipia boksi lenye nembo ya pikipiki. Kampuni hizo huchapisha orodha za ulinganifu: unatafuta aina ya pikipiki, mwaka na ukubwa wa injini, kisha unapata namba ya filta. Kwa mfano, HF204 ya Hiflofiltro ni mbadala wa filta ya Honda yenye namba 15410-MFJ-D01. Namba hizo mbili zikiandikwa kwenye risiti, mteja anajua alichonunua na anajua wapi pa kurudi.

Feki ni jambo jingine kabisa. Ni bidhaa inayovaa nembo ya mtu mwingine ili kumdanganya mnunuzi. Sheria zipo: Kenya ina Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya mwaka 2008 na mamlaka yake maalumu, na Tanzania ina Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani. Mashirika ya viwango, yaani TBS la Tanzania, KEBS la Kenya na UNBS la Uganda, yana kazi ya kuhakikisha kinachoingia bandarini kinakidhi viwango. Pengo liko kati ya bandari na kijiwe. Dereva anayesubiri abiria hana maabara. Ana macho, mikono na imani kwa muuzaji. Kwa hiyo ulinzi wa kwanza unaomfaa ni duka linaloweka namba za vipuri na kutoa risiti.

Vipo vitu ambavyo fundi anaweza kuvikagua papo hapo. Mikunjo ya karatasi iwe imepangana kwa usawa, gundi iwe imekauka na isiache nafasi kwenye kona, vifuniko visicheze. Kwenye kopo, mpira wa kuzuia oili isirudi uwe laini, thredi iwe safi na gasketi ikae kwenye mfereji wake. Filta ya karatasi iliyotumika isioshwe kwa petroli na kurudishwa. Karatasi huharibika, na uchafu uliokuwa upande mmoja huweza kuhamia upande wa pili.

Hesabu iko wapi?

Kwa nini basi filta dhaifu zinaendelea kununuliwa? Sehemu ya jibu iko kwenye mpangilio wa biashara ya bodaboda. Madereva wengi huendesha chombo cha mtu mwingine. Wapo wanaolipa hesabu kila siku, na wapo walio kwenye mkataba, ambao pikipiki itakuwa yao wakimaliza kulipa. Dereva wa hesabu akinunua filta nzuri, faida ya injini kudumu inamwendea tajiri. Tajiri naye haoni sevisi. Anaona hesabu imeingia au haikuingia. Kila mmoja ana sababu ya kupunguza gharama ya leo, na injini ndiyo inayobaki na deni.

Dawa yake ni ndogo na inawezekana. Mwenye chombo aweke kwenye makubaliano nani ananunua oili na filta, kila baada ya kilomita ngapi, na namba ya filta iandikwe. Kwa pikipiki 10 zinazofanya kazi kila siku, anaweza kununua filta za miezi kadhaa kwa mkupuo kutoka kwa mwagizaji mmoja anayeaminika, kwa bei ya jumla, badala ya kila dereva kuchukua chochote kilicho karibu. Oili nayo iwe ya pikipiki yenye alama ya JASO MA au MA2, kwa sababu oili ya gari yenye viongeza vya kupunguza msuguano huweza kufanya kluchi iteleze. Filta nzuri haiwezi kuokoa oili isiyofaa.

Fursa ya viwanda vyetu

Biashara hii pia inafungua mlango kwa wawekezaji. Ushuru wa pamoja wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki una ngazi nne: asilimia 0 kwa mali ghafi, 10 kwa bidhaa za kati zisizopatikana ndani ya jumuiya, 25 kwa bidhaa za kati zinazopatikana humo, na 35 kwa bidhaa zilizokamilika zinazozalishwa vya kutosha ndani ya jumuiya, ngazi iliyoanza kutumika Julai 2022. Mpangilio huo umekusudiwa kuvuta kazi za kiwandani zije huku. Filta ni bidhaa ya bati, karatasi maalumu, raba na gundi. Kiwanda kinachoweza kubana vifuniko na kukunja karatasi kwa ubora unaopimwa kina wateja tayari kwenye kila kijiwe.

Wapo watakaosema pikipiki za umeme zitamaliza soko hili, na kweli zimeanza: kampuni ya Ampersand ilianzia Kigali, na Roam iko Nairobi. Pikipiki hizo hazina oili ya injini. Lakini mamilioni ya injini za petroli zilizoko barabarani leo zitaendelea kuhitaji sevisi kwa miaka mingi, na dereva wa leo hawezi kusubiri teknolojia ya kesho ili kulinda mtaji alionao.

Kwa hiyo, ukienda dukani wiki hii, nenda na filta ya zamani mkononi na namba ya kipuri kutoka kwenye kitabu cha pikipiki. Linganisha kimo, tundu na thredi, uliza jina la mtengenezaji, dai risiti yenye namba. Muuzaji akishindwa kukujibu, nenda duka la pili. Wenye maduka nao waanze kupanga rafu zao kwa namba badala ya majina ya pikipiki pekee. Atakayetangulia kufanya hivyo atapata wateja wanaorudi, kwa sababu dereva ambaye injini yake imedumu hasahau aliponunua.