Mtoto aliyezaliwa mbele ya wakati: ubongo wake ungali unajengwa

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumbani,

Mimba ya kawaida hukaa karibu majuma 40. Mtoto anayezaliwa mbele ya kutimiza majuma 37, huyo amezaliwa mbele ya wakati. Pengine anapima kilo moja na nusu tu. Baba akifika hospitalini anamtazama, anahesabu vidole, anaona macho na masikio, kila kitu kiko. Anajiambia: «Mtoto wangu ni mzima, amekosa unene tu. Akinyonya, mambo yatakwisha.»

Baba huyo hajaona yote. Ndani ya kichwa cha mtoto kuna kazi kubwa ambayo haijamalizika: ujenzi wa ubongo na mishipa ya fahamu. Kazi hiyo ilipashwa kuendelea tumboni. Sasa itaendelea nje, na ninyi wazazi ndio mtakaoilinda.

KAZI GANI INAFANYIKA NDANI YA KICHWA?

Ubongo ndio mkubwa wa mwili wote. Unatuma amri na kupokea habari kwa njia ya mishipa ya fahamu. Usiichanganye na mishipa ya damu: ile hupitisha damu, hii hupitisha habari.

Wewe unayejua kazi ya umeme utafahamu upesi. Waya una shaba ndani na mpira juu yake. Ukiondoa mpira, umeme unapotea njiani na hatari inaingia. Mishipa ya fahamu nayo ina ngozi yake ya mafuta, jina lake mielini, inayofanya habari zipite mbio bila kupotea. Kwa mtoto, ngozi hiyo inaanza kuwekwa katika nusu ya pili ya mimba, na kazi inaendelea miaka mingi baada ya kuzaliwa. Yule aliyezaliwa mbele ya wakati ana waya nyingi ambazo hazijavikwa.

Tena, katika juma la 24 ubongo wa mtoto hauna mikunjo mingi; unakaribia kuwa laini kama yai. Mikunjo inaongezeka kila juma. Katika juma la 34 uzito wa ubongo umefika karibu theluthi mbili tu ya uzito wa mtoto aliyetimiza wakati wake.

Kwa hiyo msiwasikilize wanaosema kwamba mtoto wa miezi saba huishi, lakini wa miezi nane hafai. Si kweli. Kila juma ambalo mtoto anaongeza tumboni ni faida kwa ubongo wake.

JUU YA NINI ANASAHAU KUPUMUA?

Mama wengi wanaogopa wakiona mtoto ametulia ghafula, kifua hakipandi wala hakishuki. Sababu ni hii: sehemu ya ubongo inayoamuru pumzi haijakomaa. Mara nyingine inasahau kutoa amri. Ndiyo maana wanganga wanamlinda mchana na usiku, na wanaweza kumpa dawa ya kuamsha pumzi.

Kunyonya vilevile ni kazi ya ubongo. Mtoto anapashwa kuvuta maziwa, kumeza na kupumua bila kuchanganya. Wengi hawawezi kupatanisha mambo hayo matatu mbele ya juma la 34. Mama, usilie ukiona maziwa yako yanapita katika mpira mwembamba au kikombe. Kamua kila siku: maziwa yako ndiyo chakula kinachofaa ubongo wake kuliko vingine vyote.

Mwisho, mishipa ya damu ndani ya ubongo wa mtoto aliyezaliwa mbele ya juma la 32 ni myembamba sana. Inaweza kupasuka, zaidi katika siku tatu za kwanza. Basi msimtikise, msimpokezane mkono kwa mkono kwa kumwonyesha kwa wageni.

KIFUA CHA MAMA, KIFUA CHA BABA

Katika mwaka 1978, huko Bogotá katika inchi ya Kolombia, munganga Edgar Rey Sanabria aliona mashini za kupasha watoto joto hazitoshi. Akawaambia mama waweke watoto kifuani, ngozi kwa ngozi. Leo inchi nyingi zinafuata njia hiyo. Uchunguzi uliofanywa Ghana, Uhindi, Malawi, Nigeria na Tanzania, na kutangazwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba watoto wadogo waliowekwa kifuani tangu saa za kwanza walikufa kwa uchache zaidi: karibu 12 katika 100, kuliko 16 katika 100 kwa wale waliongoja. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likashauri mtoto akae kifuani saa 8 hadi 24 kila siku.

Fanya hivi: mtoto avae kofia, soksi na nepi tu. Mweke wima katikati ya matiti, uso umegeuzwa upande mmoja ili pua iwe wazi, kisha mfunge vizuri na kikwembe. Hapo anapata joto, na pumzi na moyo wa mama vinamtuliza. Mtoto anayehangaika kwa baridi anamaliza nguvu ambazo ubongo ungezitumia kukua.

Baba, kazi hii ni yako pia. Mama akienda kuoga au kulala, kifua chako kinafaa sawasawa. Lakini ukitoka kazini, oga kwanza na ubadilishe nguo. Vumbi la kazi lisiingie nyumbani: linaweza kuwa na risasi, na madini hayo ni sumu kwa ubongo unaojengwa. Wala usivute tumbako karibu naye.

Msiweke mbabula ya makala katika chumba cha mtoto. Hewa yake inaua bila harufu. Joto la kifua linatosha.

HESABU UMRI WAKE SAWASAWA

Jirani atasema: «Mtoto wangu wa miezi sita anataka kukaa, wako bado?» Usihuzunike. Ondoa majuma ambayo mtoto alikosa tumboni. Aliyezaliwa miezi miwili mbele ya wakati, akifika miezi sita, mhesabu kama wa miezi minne. Fanya hesabu hiyo mpaka atimize miaka miwili. Kwa chanjo tu hatuondoi kitu: fuata tarehe aliyozaliwa.

Walakini hesabu hiyo isiwe sababu ya kungoja bure. Mpeleke kwa munganga ikiwa miguu yake ni migumu kama fimbo, au anatumia mkono mmoja tu, au hageuki anaposikia sauti, au hafuati kitu kwa macho. Ubongo wa mtoto bado ni laini kufundishwa; akisaidiwa mapema, njia nyingine zinaweza kufunguka. Macho na masikio yake yapimwe hata kama hamwoni kasoro.

Kimbia hospitalini saa ileile, hata usiku, ukiona hivi:
— pumzi inakatika, au midomo inageuka rangi ya buluu;
— anakataa kunyonya, au amelegea kama kitambaa;
— mwili ni baridi sana au wa moto sana;
— anashtukashtuka kwa degedege;
— macho na nyayo vinakuwa vya njano. Manjano yakizidi yanaharibu ubongo.

MBELE YA KUZALIWA

Malaria ni mojawapo ya sababu za kuzaa mbele ya wakati. Mama mwenye mimba alale ndani ya chandarua, apimwe, anywe dawa anazopewa. Akiona maji au damu, ama uchungu mbele ya wakati, asingoje asubuhi. Ikiwa mimba haijafika majuma 32, hospitali inaweza kumpa dawa kwa sindano ambayo inalinda ubongo wa mtoto. Lakini dawa hiyo inapashwa kumfikia mama mbele ya mtoto kutoka.

Ndugu mfanyakazi, katika kazi hatupitishi umeme katika waya ambazo hazijavikwa. Tunazilinda, tunazimaliza, ndipo tunafungua. Mtoto wako naye anahitaji joto, maziwa, utulivu na wakati.