Kwa nini umati husimama kumtazama majeruhi

Kila ajali mbaya inapotokea barabara kuu ya Dar es Salaam–Morogoro, wasomaji huuliza lilelile: watu wote wale walijazana, mbona hakuna aliyemwinua majeruhi? Jibu la haraka huwa kwamba dunia imeharibika na watu hawana utu. Jibu hilo nimelichoka. Halielezi kitu, na halijaokoa mtu hata mmoja.

Tutazame Msamvu, mjini Morogoro. Asubuhi ya Jumamosi, Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipinduka karibu na stendi ya mabasi. Watu wakakimbilia na madumu kuchota petroli, kisha likalipuka. Vifo vilipita 100, na Rais John Magufuli alitangaza siku tatu za maombolezo. Wengi tunakumbuka madumu tu. Lakini mashuhuda waliozungumza na waandishi wa habari walisema wapo waliohangaika kumtoa dereva na wenzake, wapo waliosukumana kuchota, yupo aliyekuwa aking'oa betri ya lori, na wapo waliopaza sauti kuonya kwamba lingelipuka. Utu ulikuwepo pale. Onyo pia lilikuwepo, na halikufua dafu mbele ya umati.

Sababu ya kwanza ni kusomana nyuso. Mtu akikutana na jambo asilolielewa, kabla ya kuamua hutazama wenzake wanafanya nini. Wenzake nao wanamtazama yeye. Kila mmoja anajikaza asionekane mwenye kiherehere, na utulivu huo wa kujikaza unageuka ushahidi kwamba hakuna hatari. Mwaka 1968 watafiti wawili wa Marekani, Bibb Latané na John Darley, walichapisha jaribio lao: waliwaweka watu chumbani wakijaza fomu, kisha moshi ukaanza kupenya kupitia ukuta. Waliokuwa peke yao, asilimia 75 walitoka kutoa taarifa. Waliokaa na watu wawili walioagizwa kujifanya hawaoni kitu, ni asilimia 10 tu waliotoka. Waliobaki waliendelea kuandika huku wakikohoa na kufikicha macho. Sasa weka mahali pa wale wawili mamia ya watu wanaochota petroli kwa furaha, utaona kwa nini sauti ya anayeonya humezwa.

Sababu ya pili ni kugawana wajibu. Ukiwa peke yako na mtu anayekata roho, mzigo wote ni wako. Mkiwa hamsini, kila mmoja anabeba sehemu ya hamsini, na sehemu hiyo ni nyepesi mno kumsukuma mtu. Watafiti haohao waliwasikilizisha wanafunzi sauti ya mtu aliyeigiza kushikwa na kifafa chumba cha pili. Waliodhani ni wao pekee wanaomsikia, asilimia 85 walikwenda kuomba msaada kabla sauti haijakoma. Waliodhani wapo wasikilizaji wengine wanne, ni asilimia 31. Na hapa ndipo hoja ya "hawana utu" inapoanguka: wale ambao hawakutoka walikutwa mikono inatetemeka, viganja vimelowa jasho, wakiuliza kama mgonjwa yuko salama. Walionekana kuhangaika kuliko waliosaidia. Walikwama kati ya kwenda na kubaki.

Ndiyo maana mgonjwa wa vijiji vya miteremko ya Uluguru, kusikofika gari, hubebwa kwa machela na majirani hadi barabarani. Kule anajulikana ni mtoto wa nani, na kila mwenye bega anajua anatazamwa yeye. Mtu huyohuyo akishuka Msamvu, katikati ya wageni watupu, anaweza kusimama mikono kifuani. Moyo wake haujabadilika, umati ndio umembadilishia hesabu.

Kifafa kina balaa la ziada mkoani kwetu Morogoro. Mahenge, wilayani Ulanga, ni miongoni mwa maeneo yanayojulikana duniani kwa wingi wa ugonjwa huu, na huko wapo walioanguka motoni wakaungua mbele ya watu, kwa sababu watu hao wameaminishwa kwamba povu la mgonjwa linaambukiza. Haliambukizi. Kifafa ni hitilafu ya umeme wa ubongo. Mganga anayekuuzia dawa ya kujikinga na povu anakuibia, na anamwacha binadamu aungue. Sina neno laini zaidi kwake.

Vivyo hivyo hofu ya kumgusa majeruhi kabla ya PF3. Ni fomu ya polisi inayohitajika kwa kesi na fidia, haizibi mshipa unaovuja. Majeruhi wa dharura ahudumiwe, fomu itafuata. Na wanaodai barabara fulani "inataka damu", hivyo usiingilie, waulizwe ni damu ya mwanao au ya jirani.

Wala umati haushindwi daima. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 wa picha za kamera za mitaani kutoka Uingereza, Uholanzi na Afrika Kusini, matukio 219 ya ugomvi, ulionyesha kwamba katika tisa kati ya kumi angalau mtu mmoja aliingilia kusaidia.

Cha kufanya ni hiki. Usipige kelele "jamani saidieni", maana jamani ni wote na si yeyote. Nyoosha kidole: "Kaka mwenye shati jekundu, piga 112. Dada, nipe kanga." Damu ikitoka, kandamiza kwa kitambaa safi. Mwenye kifafa mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni. Zikipita dakika tano hajatulia, mpeleke hospitali. Aliyeungua apate maji baridi yanayotiririka dakika 20, si dawa ya meno wala yai. Petroli ikimwagika, ondoka na uondoe wengine.

Kujua tu kunasaidia. Mwaka 1978 watafiti wa Marekani waliwafundisha wanafunzi kuhusu tabia hii ya umati. Wiki mbili baadaye, walipomkuta mtu amelala chini, asilimia 43 ya waliosoma somo hilo walisimama kumsaidia, dhidi ya 25 ya wasiolisoma. Somo lenyewe ni la kipindi kimoja. Lifundishwe vijiwe vya bodaboda vya Msamvu na Kihonda, kwa makondakta na mama lishe wa stendi, kwa sababu wao ndio hufika kwa majeruhi kabla ya gari la wagonjwa.