Damu ya Ndege na Fedha ya Watu Wengi

Wafugaji wa Mbulu na Hanang walijua jambo hili tangu zamani: fahali mmoja akiachwa zizini miaka mingi, akawapanda binti zake na wajukuu zake, kundi hudhoofika na ndama huzaliwa wanyonge. Kwa hiyo mwenye busara hutafuta fahali wa zizi jingine. Lakini je, ikiwa hapana zizi jingine duniani?

Hali hiyo ndiyo iliyompata kakapo, kasuku wa Nyuzilandi. Yeye ni mzito kuliko kasuku wote, hutembea usiku, wala hawezi kuruka. Paka na wanyama wengine walioletwa na watu walimla yeye na makinda yake, hata mwaka 1995 wakahesabiwa 51 tu. Wakatunzwa katika visiwa visivyo na maadui hao, wakaongezeka. Lakini mayai mengi hayakuanguliwa, kwa sababu waliobakia walikuwa jamaa wa karibu. Karibu wote asili yao ilikuwa kisiwa kimoja. Dume mmoja, aliyepewa jina la Richard Henry, alipatikana kwingine mwaka 1975, na watoto wake watatu wa mwaka 1998 wakawa hazina kubwa, maana damu yao ilikuwa ngeni.

Mwaka 2016 wataalamu wa Nyuzilandi na Marekani walikusudia kusoma jeni, yaani maandishi ya urithi yaliyomo mwilini, za kila kakapo aliye hai, nao walikuwa 125. Sehemu ya gharama ilichangwa kwa njia ya intaneti na watu wa kawaida, kila mtu kwa uwezo wake. Matokeo yalitangazwa mwaka 2023, yakiwa na habari za ndege 169. Kwayo walinzi huweza kujua nani amkaribie nani, na kinda yupi yuko hatarini kupata maradhi. Wenyeji wa nchi, kabila la Ngāi Tahu, wana sauti katika matumizi ya elimu hiyo.

Ndugu msomaji, usiseme kwamba hayo ni mambo ya ng'ambo. Tumbusi mgongo-mweupe, asafishaye mizoga katika mbuga zetu, tangu mwaka 2015 amehesabiwa miongoni mwa ndege walio karibu kabisa kutoweka. Hutaga yai moja tu kwa msimu. Mtu aliyeliwa ng'ombe wake na simba au fisi akitia sumu katika mzoga, tumbusi huja kutoka mbali na kufa kwa makundi. Nchini Botswana mwaka 2019 walikufa zaidi ya 500 katika tukio moja la sumu.

Uchungu wa mfugaji ni wa haki, lakini dawa yake si sumu. Katika wilaya ya Simanjiro, mkoani humu humu Manyara, wafugaji wamejenga maboma ya wavu wa chuma uliofungwa kwenye miti iliyo hai, na simba hushindwa kuingia. Hapo ndipo mchango wetu ungefaa: majirani kumchangia jirani wavu wa zizi lake.

Mchango wa watu wengi uliweza kusoma damu ya kakapo waliosalia. Haukuweza kuwarudisha waliokwisha kufa. Basi heri tuchange mapema, tumbusi wangali wengi.