Karo ya shule Kigali: Nani hupanga, nani hulipa, na mzazi anadaiwa nini hasa?

Kila muhula unapofunguliwa, wazazi wengi wa Nyamirambo, Biryogo na Rwezamenyo hupokea kutoka shuleni karatasi yenye orodha ya michango: chakula, sare, karatasi za mitihani, pengine mshahara wa mlinzi au ukarabati wa uzio. Mzazi huisoma, hujumlisha, kisha hurudia swali la mwaka jana: si ilisemwa kwamba elimu ya msingi ni bure?

Ilisemwa, tena kwa maandishi. Kifungu cha 20 cha Katiba ya Rwanda kinaeleza kwamba elimu ya shule ya msingi ni ya lazima na ni bure katika shule za umma. Karo ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2003, na Sheria namba 010/2021 ya tarehe 16 Februari 2021, inayoweka mpangilio wa elimu nchini, imesimama juu ya msingi huohuo. Lakini neno "bure" linahusu kufundishwa. Chakula anachokula mtoto mchana kinahesabiwa peke yake, na hapo ndipo mkoba wa mzazi unapoguswa.

Faranga 975 zilitoka wapi

Tarehe 14 Septemba 2022, siku chache kabla ya mwaka wa masomo kuanza, Wizara ya Elimu, wakati huo ikiongozwa na Waziri Valentine Uwamariya, ilitangaza viwango vya pamoja kwa shule zote za serikali na zile zinazosaidiwa na serikali kwa makubaliano. Mzazi wa mtoto wa chekechea au wa shule ya msingi alitakiwa kulipa faranga 975 kwa muhula. Mwanafunzi wa sekondari ya kutwa aliwekewa faranga 19,500, na wa bweni faranga 85,000.

Wengi walidhani kiwango cha 975 kilibuniwa tu mezani. Kumbe kina hesabu yake. Mlo mmoja ulikadiriwa kugharimu faranga 150. Serikali inabeba 135, yaani asilimia 90, na mzazi anabaki na 15. Muhula ukihesabiwa kuwa na siku 65 za masomo, 15 mara 65 ni 975. Kwa sekondari ya kutwa, faranga 19,500 zikigawanywa kwa siku hizohizo 65 ni faranga 300 kwa siku, yaani mara 20 ya anachochangia mzazi wa shule ya msingi. Familia yenye mtoto anayemaliza darasa la sita na kuingia sekondari huiona tofauti hiyo ghafla, na ni heri kuitarajia mapema.

Kabla ya tangazo hilo, kila shule ilijipangia. Shule mbili zinazotazamana barabarani ziliweza kudai kiasi tofauti kabisa, na ile iliyosifika kwa matokeo mazuri ndiyo iliyodai zaidi. Agizo la 2022 lilinuiwa kuziba mwanya huo. Michango ya ziada haikupigwa marufuku moja kwa moja, ila iliwekewa kikomo cha faranga 7,000 na sharti la kukubaliwa na mkutano mkuu wa wazazi. Sharti hilo si jambo dogo. Mchango ulioandikwa na mkuu wa shule peke yake, bila wazazi kukutana na kuukubali, hauna mguu wa kusimamia.

Shule za binafsi ziko nje ya utaratibu huu. Hizo hujipangia karo zao, na mzazi aliyempeleka mwanawe huko hawezi kulishika tangazo la 2022 mkononi na kudai alipe 975.

Njia ya fedha kutoka Bungeni hadi jikoni

Mwaka wa fedha wa Rwanda huanza tarehe 1 Julai na kumalizika tarehe 30 Juni. Bajeti huwasilishwa Bungeni, Seneti hutoa maoni yake, kisha Baraza la Wawakilishi huipigia kura mwezi Juni. Mwaka wa masomo nao huanza Septemba. Maana yake ni kwamba kengele ya kwanza inapolia, uamuzi kuhusu fedha za shule umeshapita miezi kadhaa, na anayelalamika Oktoba anakuwa amechelewa mpaka bajeti ipitiwe upya katikati ya mwaka.

Kutoka Wizara ya Fedha, fedha za shule hushuka hadi serikali za mitaa zikiwa na jina lake tayari: hizi ni za mishahara ya walimu, hizi ni za ruzuku ya kila mwanafunzi, hizi ni za chakula, hizi ni za ujenzi. Fedha zilizotengwa kwa chakula haziwezi kuhamishiwa kwenye ujenzi wa barabara, hata kama barabara yenyewe inapita mbele ya lango la shule. Wilaya ni mfereji wenye bomba lililokwisha kupimwa upana; nafasi yake ya kuamua yenyewe imo katika mapato yake ya ndani, ambayo kwa wilaya nyingi ni kidogo.

Kigali ina mambo yake. Nchi ina wilaya 30, na tatu kati yake, Gasabo, Kicukiro na Nyarugenge, zimo ndani ya jiji. Zamani kila moja ilikuwa na baraza lake na bajeti yake. Sheria ya mwaka 2019 inayotawala Jiji la Kigali iliziondolea hadhi hiyo ya kisheria, na madaraka yakakusanywa kwenye Jiji. Kwa hiyo mkazi wa Nyamirambo anayetaka kujua kwa nini shule ya mtaani kwake haikuongezewa madarasa hapati jibu la mwisho wilayani Nyarugenge. Bajeti hiyo imepitishwa na Baraza la Jiji. Ofisi za wilaya bado zipo, na maafisa wa elimu bado wanakagua shule, lakini kalamu inayotia saini iko kwingine. Ni badiliko kubwa ambalo, kwa bahati mbaya, halikuelezwa vya kutosha kwa wananchi wa kawaida.

Walimu nao wana njia yao. Mishahara yao hulipwa kupitia serikali za mitaa, lakini kiwango chake huamuliwa na serikali kuu. Tarehe 1 Agosti 2022 Waziri Mkuu wa wakati huo, Edouard Ngirente, aliliambia Bunge kwamba walimu wenye cheti cha sekondari, ambao ndio wengi katika shule za msingi, wangeongezewa mshahara kwa asilimia 88, na wenye stashahada na shahada kwa asilimia 40. Uamuzi huo ulikuja mwezi mmoja tu baada ya mwaka mpya wa fedha kuanza. Hakuna wilaya yoyote ambayo ingeweza kulitekeleza jambo hilo kwa mapato yake yenyewe.

Mlo wa faranga 150 na bei ya sokoni

Tatizo la kiwango kilichoandikwa kwenye agizo ni kwamba soko halisomi maagizo. Mwishoni mwa mwaka huohuo wa 2022, mfumuko wa bei katika miji ya Rwanda ulivuka asilimia 20, na chakula ndicho kilichopanda zaidi. Maharage, mchele, kawunga na mafuta vilinunuliwa kwa bei mpya, huku mchango wa mzazi ukibaki faranga 15 kwa mlo na fungu la serikali likiwa limekadiriwa kwa bei za zamani.

Mkuu wa shule mwenye watoto elfu moja alibaki na njia chache, na hakuna iliyo nzuri: kupunguza kiasi sahanini, kukopa kwa mwenye duka, au kuwaomba wazazi waongeze. Ndiyo sababu ile karatasi ya michango haiishi. Si kila mwalimu mkuu anayeomba nyongeza ni mlafi. Wengine wanajaribu tu kupika. Mwezi Juni 2024 Wizara ya Elimu ilizindua kampeni iitwayo Dusangire Lunch, ikiwaalika wananchi wa kawaida na makampuni kuchangia chakula cha shule, hatua inayoonyesha kwamba hata serikali iliona fungu lililopo halitoshi.

Mzazi asiye na fedha anaruhusiwa na mwongozo wa chakula shuleni kuchangia kwa njia nyingine, kama mazao, kuni au kazi ya mikono. Mtoto hapaswi kunyimwa sahani wala kurudishwa nyumbani kwa sababu ya deni la mzazi. Akirudishwa, pa kuanzia ni kamati ya wazazi ya shule, kisha mkaguzi wa elimu wa sekta, ndipo wilaya. Kumpigia simu mwandishi wa habari kabla ya hapo huchelewesha zaidi ya kusaidia.

Neno "zinazosaidiwa na serikali" lina historia ndefu kwa jamii ya Waswahili wa Kigali. Enzi za ukoloni shule zilikuwa mikononi mwa wamisionari, na watoto wa Kiislamu wa Biryogo, waliozungumza Kiswahili nyumbani, wengi walibaki nje ya mlango. Hadi leo sehemu kubwa ya shule zinazopata msaada wa serikali ni mali ya makanisa, ingawa zipo pia za Waislamu. Tofauti na zamani ni kwamba sheria haiulizi dini ya mtoto, na viwango vya 2022 vinazibana shule hizo zote kwa kipimo kimoja.

Kuhusu lugha yenyewe, Kiswahili kiliwekwa kuwa lugha rasmi kwa sheria ya mwaka 2017, pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Hadhi hiyo ilikipa nafasi kwenye karatasi. Nafasi darasani inategemea kitu kingine: idadi ya walimu wa Kiswahili waliotengewa mishahara na vitabu vilivyonunuliwa, yaani mistari ileile ya bajeti inayopigiwa kura kila Juni. Waraka wa mwelekeo wa bajeti hufika Bungeni kabla ya mwezi Mei, na wabunge huujadili wizara kwa wizara. Mzazi anayetaka mwanawe afundishwe Kiswahili shuleni ana wiki hizo chache za kumfikia mbunge au diwani wa Jiji.