Kuni Mbichi na Vifua vya Watoto

Mwezi huu tuzungumzie mti wa uani. Mgrivea au mwembe mkongwe uliokuwa ukiegemea paa umeangushwa, na jioni ileile matawi yake yako mafigani. Jiko lote ni moshi.

Mti mbichi waweza kuwa na maji kiasi cha nusu ya uzito wake. Maji hayo hayana budi kutoka kwanza ndipo kuni iwake vizuri. Hivyo joto la kuivisha ugali linaishia kukausha kuni, na moto uliofifia hutoa moshi mzito, ambao humwingia mama na mtoto aliye mgongoni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2, zaidi ya 237,000 vikiwa vya watoto wa chini ya miaka 5.

Basi mti ukianguka, upasuliwe mapema. Akina baba wengi huacha magogo mazima mpaka mama alalamike, na gogo lenye gome hukaa na maji muda mrefu sana. Vipande vipangwe juu ya kichanja, visiguse ardhi. Vifunikwe kwa bati juu tu, pande ziachwe wazi upepo upite. Ukizungushia nailoni vitaota ukungu. Rundo lisikae mlangoni, maana nge na nyoka hulipenda. Mgrivea upewe walau miezi 6, miti migumu zaidi ya hapo. Kuni iliyokauka ni nyepesi, ina nyufa miishoni, na vipande viwili vikigonganishwa hulia ko! Wakati wa kungoja, afadhali kununua mzigo wa kuni kavu.

Mnyaa wa uzio ukatwe kwa uangalifu, kwa kuwa utomvu wake huunguza macho. Ukiingia jichoni, osheni kwa maji safi mengi kwa dakika 15 au zaidi, kisha mgonjwa aletwe hospitali.

Hata kuni kavu hazikosi moshi. Fungueni dirisha, na mtoto akae nje na mkubwa wake. Akikohoa, mhesabuni pumzi dakika nzima akiwa ametulia. Zikiwa 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, hayo si mafua tu; aletwe siku hiyohiyo. Kifua kikibonyea avutapo pumzi, au akishindwa kunyonya, msingoje kuche.