Ijara ya Wakala na Haki ya Mzee wa Milimani

Katika mambo mengi yaliyosemwa juu ya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge la Tanzania tarehe 2 Novemba 2023, habari ya wakala, yaani mtu anayeichukua bima na kuifikisha mlangoni kwa mwananchi, imetajwa kwa nadra sana; ilhali katika wilaya kama Lushoto, kwenye milima ya Usambara, ambako nyumba zimetawanyika juu ya matuta kuanzia Soni hata Mlalo na Mtae, na ambako vijana wengi wameteremka kwenda Tanga na Dar es Salaam kutafuta riziki wakawaachia wazee mashamba ya viazi, kabichi na mahindi, sheria iliyo njema kuliko zote yaweza kubaki karatasi tupu ikiwa hapana wa kuipandisha mlima.

Mawakala hao ni wa namna mbili, wala si vyema kuwachanganya. Wa kwanza ni wakala anayetambuliwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009, ambaye hana ruhusa ya kuuza bima mpaka apate leseni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, na ambaye kwa mujibu wa sheria ni mwakilishi wa kampuni na wala si wakili wa mnunuzi. Anayemwakilisha mnunuzi ni dalali wa bima, na tofauti hiyo, ambayo mzee aliyeketi barazani pake hana njia ya kuijua ila aambiwe, ingefaa itamkwe kabla ya fomu kufunguliwa. Wa pili ni afisa mwandikishaji wa Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, mwenyeji wa kijiji chenyewe, anayezunguka na simu yake akipiga picha za wanakaya na kupokea michango.

Mfuko huo ulianza kwa majaribio huko Igunga mwaka 1996, ukapata sheria yake mwaka 2001, na ulipoboreshwa na kuenezwa nchini mwaka 2018 mchango wake ulikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya isiyozidi watu 6. Hapa ndipo penye hesabu inayostahili kutazamwa kwa makini kuliko hotuba zote. Baba mwenye mke na watoto wanne alilipa shilingi 5,000 kwa kila kichwa. Bibi mjane anayeishi peke yake, ambaye wanawe wako Tanga na wana kaya zao, alilipa 30,000 yote kwa kichwa kimoja, kwani hesabu ya kaya haikumdhania mtu wa peke yake. Na mwandikishaji, ambaye ijara yake ni fungu la mchango wa kila kaya aliyoiandikisha, hujua kwamba siku ya soko, wakulima wakiwa na fedha za mboga mkononi, atapata kaya kadhaa pasipo kuchoka miguu, bali kumfuata bibi yule kwenye tuta la mbali ni kutwa nzima kwa kaya moja, tena kaya isiyo na hakika ya kulipa.

Wapo watakaosema kwamba mzee huyo hana haja ya bima, maadamu Sera ya Afya ya mwaka 2007 imemsamehe gharama mtu aliyetimiza umri wa miaka 60 asiyejiweza. Ni kweli, na kitambulisho cha mzee kinachothibitisha msamaha huo ni neema. Lakini msamaha huo hauna wakala. Hapana anayelipwa kwa kumtafuta anayestahili, wala kwa kumweleza kwamba yeye ni wa kusamehewa na si wa kutozwa, na dawa inapokosekana hospitalini mzee huambiwa akanunue dukani, msamaha ukaishia dirishani.

Watoa bima nao wana hofu yao, nayo si ya dhuluma tupu. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulipotoa mwaka 2019 vifurushi vya hiari vya Najali Afya, Wekeza Afya na Timiza Afya, ulipanga bei kwa umri, kwa sababu bima ya hiari aghalabu hukimbiliwa na aliyekwisha kuugua. Hofu hiyo haikuwa ya wazee peke yao: mwaka 2023 Mfuko uliacha kuandikisha mtoto mmoja mmoja katika bima ya watoto ya Toto Afya Kadi, ukaelekeza watoto waandikishwe kupitia shule na familia. Almuradi, penye hiari, wakala hufundishwa na bei yenyewe kumkwepa shaibu.

Sheria ya 2023 yakusudia kuukata mzizi huo wa hiari kwa kuufanya uchangiaji kuwa wa lazima, kuweka kitita cha mafao ya msingi kwa skimu zote za bima ya afya, kuzitia skimu hizo chini ya usimamizi wa TIRA, na kuwalipia wasio na uwezo kutoka katika mfuko maalumu. Kitita kikiwa kimoja, wakala hana tena la kusifia ila mafao ya ziada, na kazi yake kubwa inakuwa kuwaeleza watu haki zao na kuwatambua wahitaji. Huko Marekani, ambako wazee wana bima yao ya serikali tangu sheria ya mwaka 1965, serikali huweka kikomo cha ujira wa wakala, na mwaka 2023 iliamuru zipite saa 48 baina ya mzee kukubali mazungumzo na mazungumzo yenyewe. Ulinzi huo ni wa kumzuia wakala asimwandame mzee kupita kiasi, ilhali taabu yetu ya Usambara ni wakala asiyefika kabisa.

Kwa hiyo leseni na mafunzo, ingawa ni wajibu, havitoshi. Kanuni za sheria hiyo zimpe mwandikishaji ujira ulio sawa kwa mzee anayelipiwa na serikali na kwa kaya inayolipa yenyewe, zimwongezee nauli kwa vijiji vya mbali, na zimtambue mtu wa peke yake kwa mchango wake mwenyewe. Madiwani wa halmashauri za Lushoto na Bumbuli, ambao ndio wanaowajua wazee hao kwa majina, wadai jambo hili kwa TIRA na kwa TAMISEMI, ofisi inayosimamia Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa.